Kapu la hazina: maana yake na namna ya kuliandaa nyumbani

Kapu la hazina ni kapu fupi lenye vitu vya kawaida vya nyumbani, visivyo midoli, linalowekwa karibu na mtoto anayeweza kukaa lakini hajaanza kutambaa. Mtoto huchagua mwenyewe cha kushika, kunyonya, kugonga na kuangusha. Jina hilo limetokana na kazi ya Elinor Goldschmied (1910–2009), mtaalamu wa malezi wa Uingereza aliyefanya kazi na watoto wadogo nchini Italia baada ya Vita Kuu ya Pili. Kumpa mtoto kijiko na kifuniko cha sufuria ni jambo ambalo nyumba nyingi za kwetu zimelifanya siku zote, na hata mwongozo wa WHO na UNICEF kuhusu makuzi ya mtoto unashauri hivyo kwa umri wa miezi 6 hadi 9. Goldschmied aliongeza mambo mawili: vitu viteuliwe kwa makini, na mtu mzima anyamaze.

Umri wake hasa ni kuanzia miezi 6 hivi mpaka anapoanza kutambaa. Mikono ya mtoto wakati huo iko huru, ila hawezi kukifuata anachokitaka. Hungoja aletewe, na anacholetewa kimeshachaguliwa na mwingine. Akiwa na kapu ubavuni, uchaguzi unakuwa wake. Watoto wengi hukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9. Miezi 9 ikipita naye bado hajakaa, muulize mhudumu wa kliniki.

Kwa nini si midoli ya plastiki? Kwa sababu midoli kumi ya rangi kumi, ikiingia mdomoni, ni kitu kimoja: ulaini uleule, wepesi uleule, haina harufu. Mtoto wa umri huu huchunguza kwa mdomo kama anavyochunguza kwa macho. Mtazame akipata kijiko cha chuma. Anakitia mdomoni, anashtuka kwa ubaridi wake, anakitoa, anakikodolea macho, anakihamishia mkono wa pili, kisha anakirudisha mdomoni kwa upande wa mpini. Baadaye anakigonga kwenye kifuu cha nazi, anatulia kidogo, anagonga tena. Hapo analinganisha uzito, joto, umbo na sauti, na hakuna aliyemfundisha.

Kapu lenyewe liwe la duara, upana wa sentimita 35 hivi, kimo sentimita 10 hadi 12, kitako bapa, lisiwe na mikono. Tunga la ukindu lililosukwa imara linafaa sana. Kikapu cha sokoni hakifai, maana ni kirefu, mtoto haoni kilichomo, na mikono ya kikapu inaweza kumnasa shingoni. Beseni jepesi la plastiki hupinduka akiegemea ukingo. Pitisha kiganja kwenye ukingo wote ndani na nje. Ncha ya ukindu iliyochomoza ikate.

Anza na vitu 12 hadi 15. Kwa mfano: kijiko cha chuma, kifuniko kidogo cha sufuria, bakuli dogo la bati, mwiko mfupi, kifuu kilichosuguliwa mpaka kikawa laini, dodoki kavu lililokung'utwa mbegu zote, brashi ya kufulia yenye mgongo wa mbao, kibuyu kidogo kisicho na mbegu ndani, jiwe la mtoni kubwa kuliko ngumi ya mtoto, kipande cha kanga cha sentimita 20 kwa 20, kipande cha ngozi kisichopakwa rangi, chungwa zima lililooshwa. Kila wiki ondoa viwili vitatu, tia vingine.

Usalama ndipo watu wengi hukosea. Chukua kile kibomba cha boksi kilichomo katikati ya karatasi ya chooni, chenye upana wa sentimita 4 hivi: kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba, hivyo kitoe. Kamba ndefu usiweke. Mwiko usizidi sentimita 15, kwa sababu akianguka ukiwa mdomoni, mpini mrefu utamchoma kooni. Epuka vitu vyenye rangi inayobanduka na vikombe vya bati vilivyomeguka. Korosho yenye ganda usiweke, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mbegu za mbarika ni sumu. Betri za duara, kama za saa na rimoti, zisikaribie kabisa. Ikimezwa moja, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Ni dharura ya kukimbilia hospitali.

Mkalishe kwenye mkeka, mto nyuma yake, akiwa ameshiba na hana usingizi. Kapu likae ubavuni pake, karibu kiasi kwamba kiwiko kinafika ukingoni. Likiwa mbali atainama na kuangukia uso. Wewe kaa umbali wa mkono mmoja, simu pembeni, macho kwake. Usimwoneshe namna ya kutumia kitu, wala usimsifu kila anapogusa kimoja. Nyimbo na kupakatana vina wakati wake, na vinahitajika sana. Hapa sauti yako inamkatiza. Anaweza kuzama kwa nusu saa nzima. Akianza kugeuza uso au kulia, ondoa kapu bila kumbembeleza aendelee. Usiliache wazi kutwa, maana vitu vikizagaa sakafuni hupoteza mvuto. Na kaka au dada wa miaka miwili asikae nalo bila kusimamiwa: atachukua vyote, au atampiga mdogo wake na jiwe bila kukusudia.

Baada ya mchezo, osha vya chuma kwa maji ya moto na sabuni. Vya mbao osha haraka, anika juani, usiloweke, kwani hupasuka. Kilichopasuka kitupwe.

Akishatambaa na kusimama, hamu yake hugeuka: sasa anataka kujua kitu kinafanya nini. Mpe makopo na vifuniko vikubwa vya kutia na kutoa. Kopo la maziwa ya unga linafaa, ila pitisha kwanza kidole penye mdomo ulipokatwa. Ukihisi makali, lifungie utepe mnene au tafuta kopo jingine.