Je, wajua? Unguja na Maskati zilitenganishwa na msuluhishi, si kwa vita

Mwaka 1859 Sayyid Thuwaini bin Said alikusanya vyombo na askari kule Maskati, Oman, akatweka kuelekea Unguja kumng'oa nduguye wa baba mmoja, Sayyid Majid. Majid naye akajiandaa kumpokea kwa mizinga. Vita havikutokea. Waingereza walimwahi Thuwaini akiwa bado baharini, wakamshawishi arudi nyumbani na ayaweke madai yake mbele ya mtu wa tatu. Tarehe 2 Aprili 1861 mtu huyo wa tatu, Lord Canning, Gavana Mkuu wa Uingereza nchini India, alitoa uamuzi, na tangu siku ile Zanzibar na Maskati zikawa dola mbili.

Ilikuwaje watawala wawili wenye majeshi wakakubali neno la mtu mmoja? Swali hili ndilo moyo wa taaluma nzima ya kutatua migogoro ya kimataifa, na sioni kesi inayoifundisha vizuri zaidi kuliko hii yetu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mirathi. Sayyid Said, baba yao na mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, chomboni, karibu na Shelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Aliacha milki iliyotanda pande zote mbili za bahari, na hakuacha wasia ulioigawa dola waziwazi. Mwaka 1844 aliwahi kumwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba upande wa Afrika ataushika mwanawe Khalid na Maskati ataishika Thuwaini. Khalid akafa 1854, akawekwa Majid mahali pake. Baada ya msiba Majid alikubali kumpelekea nduguye reale (sarafu za fedha) 40,000 kila mwaka, na hapo ndipo penye kiini cha kesi. Majid alisema zile ni hisani ya ndugu kwa ndugu. Thuwaini akasema la, ile ni kodi, na mwenye kutoa kodi amekiri kuwa yuko chini ya anayeipokea. Fedha ni zile zile, lakini tafsiri moja inakupa uhuru na nyingine inakuondolea.

Kabla ya kusikiliza lolote, kila upande ulitakiwa ukubali kwa maandishi kwamba utaufuata uamuzi, uwe mtamu au mchungu. Hatua hii wanafunzi wengi huipita mbio, nami naona ndiyo kubwa kuliko zote. Hakimu wa serikali ana polisi na jela. Msuluhishi hana hata kirungu. Nguvu yake yote inatoka kwenye ridhaa ya wagombanao, waliyoitoa kabla hawajajua nani atashinda. Ukiikosa ridhaa hiyo, hata uamuzi wenye hekima kupita kiasi unabaki kuwa ushauri tu.

Kisha ukaja uchunguzi. Brigedia William Coghlan, mkuu wa Waingereza huko Aden, alitumwa kuuliza pande zote, Maskati na Unguja. Thuwaini alidai Zanzibar ilitekwa kwa nguvu za Oman, hivyo ni tawi la mti wa Oman. Jibu lililomshawishi Coghlan ni kwamba katika Oman yenyewe ufalme haukuwa ukirithiwa na mwana mkubwa kwa desturi isiyovunjika. Mtawala alikubaliwa na makabila. Kama watu wa Oman wana haki ya kumkubali wao, na watu wa Unguja walimkubali Majid, kwa hoja gani wanyimwe?

Tuzo ya Canning, yaani uamuzi wake wa usuluhishi, ni fupi na imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Majid alitambuliwa kuwa mtawala wa Zanzibar na milki za Afrika. Alitakiwa alipe reale 40,000 kila mwaka kwa mtawala wa Maskati, pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, reale 80,000. Halafu likaja fundo lenyewe: malipo hayo yasichukuliwe kuwa dalili ya Zanzibar kuwa chini ya Maskati, wala yasiwe jambo la Thuwaini na Majid peke yao, yaendelee kwa warithi wao, kama fidia kwa Maskati kwa kuacha madai yake na kusawazisha mirathi mbili zisizolingana. Thuwaini akaondoka na fedha, Majid na hadhi, na lile swali la hisani au kodi likakosa mahali pa kusimama. Ndugu wote wawili walikubali mwaka ule ule. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zikatamka pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa masultani hao wawili.

Lakini nisiifanye tuzo hii kuwa safi kuliko ilivyokuwa. Canning hakuwa mtu asiye na haja. Serikali yake ya India ilitaka njia ya bahari iwe shwari, na dola mbili ndogo zinazoitegemea Uingereza zilikuwa nyepesi kuzishika kuliko moja kubwa. Na wale waliofanya kazi mashambani Unguja na Pemba kwa utumwa, ambao jasho lao ndilo lililotoa zile reale, hakuna aliyewauliza neno. Anayesoma kesi hii bila kuliona hilo ameisoma nusu.

Ndiyo maana siku hizi mashauri makubwa huepuka mwamuzi mmoja. Kwa kawaida kila upande huteua wake, na wa tatu hupatikana kwa makubaliano au kwa mtu au taasisi iliyotajwa mapema. Wazee wetu hawaoni ajabu hapo: mke na mume wakishindwana, Suratun Nisaa aya ya 35 inaelekeza aletwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Utaratibu wa waamuzi watatu ulitumika The Hague, Uholanzi, mwaka 1905, katika kesi ya majahazi ya Maskati. Ufaransa ilikuwa imewapa bendera yake mabaharia wa Sur, bandari ya Oman, na Waingereza wakalalamika kwamba chini ya bendera hiyo watumwa wanapitishwa bila upekuzi. Uingereza ilimteua Mmarekani Melville Fuller, Ufaransa ikamteua Mholanzi de Savornin Lohman, na mfalme wa Italia akamchagua Heinrich Lammasch wa Austria awe wa tatu. Hakuna aliyekuwa raia wa upande wowote. Waliamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na ruhusa ya kugawa bendera mpya ila kwa watu wa aina maalumu.

Tuzo ya Canning iliyumba kwenye utekelezaji. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim, na Majid akakataa kumlipa mwana aliyemuua babake mzazi. Hakukuwa na mahakama ya kumlazimisha. Hatimaye serikali ya India ikaubeba mzigo wa kulipa yenyewe.

Kwa wafanyabiashara pengo hilo limezibwa kwa kiasi kikubwa. Chukua kampuni ya Unguja inayouza mwani mkavu kwa mnunuzi wa Ufaransa. Mkataba wao ukiwa na kifungu cha usuluhishi, na mnunuzi akashindwa shauri kisha akagoma kulipa, Mkataba wa New York wa 1958, makubaliano ya nchi nyingi ya kutambua tuzo za usuluhishi, unamruhusu muuzaji aipeleke tuzo mahakamani Ufaransa, kwenye mali ya mdaiwa. Mahakama ile haisikilizi kesi upya. Inaweza kukataa kwa sababu chache tu, kama vile mdaiwa kutopewa taarifa, au wasuluhishi kuamua jambo ambalo hawakupewa. Tanzania imo katika mkataba huo tangu 1964, na nchi wanachama zimepita 170. Kwa hiyo kifungu kile cha mwisho wa mkataba, ambacho wengi hutia saini bila kukisoma, ndicho cha kusoma kwanza: shauri litasikilizwa mji gani, kwa sheria ya nchi gani, kwa lugha gani, na nani atateua wasuluhishi wakigoma kuelewana.

Namna ya kujifunza kazi hii ni kutetea pande zote mbili. Katika mashindano ya wanafunzi yanayofanyika Vienna kila mwaka, timu huandika hoja za mdai, kisha huandika za mdaiwa katika kesi ile ile. Mwanafunzi wa sheria wa Tunguu anaweza kuanza bila tiketi ya ndege. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, zimehifadhi kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza za karne ile. Achukue reale 40,000 zile, aandike kurasa tano akiwa wakili wa Thuwaini, kwamba ni kodi. Kesho yake aandike tano nyingine akiwa wakili wa Majid, kwamba ni hisani, na asimpe mwalimu wake kazi hiyo mpaka kila upande uwe na barua ya 1844 ndani yake.