Je, Wajua Utando wa Boroni Hukinga Nini Ndani ya Tokamaki?

Tokamaki ni chumba cha chuma chenye umbo la tyubu ya tairi, ambamo viini vya hidrojeni huunganishwa kama vinavyoungana juani. ITER, tokamaki inayojengwa Cadarache, Ufaransa, imekusudiwa kufikia nyuzi milioni 150. Kuta zake zitavishwa tungsteni, metali ngumu, kisha juu yake upite utando mwembamba wa boroni, elementi nyepesi. Wa nini?

Kwa miaka mingi nilijibu: ili ukuta usiyeyuke. Nilikosea, na kosa hilo hupindua habari nzima. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, boroni kwenye 2,076 hivi. Dhaifu angemkingaje mwenye nguvu? Unene wa utando wenyewe haufiki hata sehemu ya mia ya unywele. Tena plazma, ile gesi ya moto, huzuiwa na sumaku isiuguse ukuta, na yote haifiki gramu moja katika mita za ujazo zipatazo 800. Kinachokingwa ni plazma. Hatari inatoka ukutani.

Chembe zinazoponyoka huugonga ukuta na kung'oa atomi, nazo huingia ndani. Atomi ya tungsteni ina elektroni 74, na hata katika joto lile haziiachi zote. Chukua kayamba: ukilitikisa, mbegu zilizomo hulia, na kila mlio hugharimiwa na mkono wako. Tungsteni ni kayamba lililojaa. Elektroni zilizobaki hugongwa, hupanda ngazi ya nishati, na zikishuka hutoa mwanga, hasa eksirei. Sumaku haziushiki mwanga, basi hutoka na joto. Atomi moja ya tungsteni katika kila elfu ni nyingi mno.

Boroni ina elektroni tano tu, na huko katikati huzipoteza zote. Kayamba limemwagwa mbegu. Halinyamazi kabisa, kwani kiini kitupu nacho husababisha mwanga kidogo, ila tofauti ni kubwa mno. Tena boroni huinasa oksijeni, mchafuzi mwingine.

Upakaji hauhitaji brashi: gesi ya diborani, yenye boroni ndani yake, iliyochanganywa na heli huingizwa chumbani, umeme ukapitishwa, boroni ikatua ukutani. Watafiti wa Jülich, Ujerumani, walifanya hivyo tangu miaka ya 1980.

Lakini utando huchakaa, hasa chini ya chumba panapopokea joto kali, na hupakwa upya mara kwa mara. Kwa mtambo wa kuwaka mfululizo hilo ni tatizo ambalo bado linatafitiwa. Katika tokamaki ya ASDEX Upgrade, Garching, Ujerumani, wamejaribu kudondosha unga wa boroni plazma ikiwa inawaka, kama anayetia chumvi chungu kikiwa jikoni.