Kujua kubishana si kujua sheria

"Huyu kwa maneno, mpelekeni akasome sheria!" Wajomba husema hivyo kila kijana anaposhinda ubishi wa Simba na Yanga. Wanakosea. Mwanasheria hushinda akisoma hukumu ndefu, mikataba na vifungu, vingi kwa Kiingereza kizito, kisha anaandika. Ukichoka ukurasa wa pili, utateseka. Na shahada pekee haikufanyi wakili: baada yake kuna mafunzo ya vitendo, yale ya Law School of Tanzania, taasisi iliyopo barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam.

Kabla ya kuomba chuo, nenda mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, asubuhi moja. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, kaa nyuma tu. Huenda ukasubiri weee, halafu kesi iahirishwe. Je, utataka kujua kwa nini, au utawahi daladala?