Mtaro ulijengwa, maji yakaongezeka

Mama mmoja wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, alinisimamisha nje ya ukumbi baada ya kikao cha bajeti. "Injinia, pesa za mtaro tuliziona. Zege tuliliona likimwagwa. Mbona zamani maji yaliishia mlangoni na mwaka huu yamepanda kitandani?"

Nimepima mitaro na kukadiria gharama zake miaka mingi, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Kinachoniaibisha ni kwamba sisi wahandisi huwa tunalijua kabla zege halijakauka.

Mtaro wa kwao haukuwa mbovu. Ulipimwa kwa maji ya wakati ule. Mwaka uliofuata wadi ya juu nayo ikapata fungu lake, ikanyoosha kijito chake na kukisakafia. Maji yaliyokuwa yakijivuta kati ya nyasi na mawe sasa yanateremka kwa kishindo, yote kwa wakati mmoja. Wa juu walishangilia, na walikuwa na haki: kwao kulikauka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, hayo ni mita za ujazo 50,000. Mtaa uliojaa mabati na lami, tuseme asilimia 70 ya maji hayo hayazami ardhini. Unabaki na mita za ujazo 35,000 zinazotafuta njia. Bouza la maji la lita 10,000 tunalijua sote; hayo ni mabouza 3,500 yakimwagwa jioni moja. Swali ambalo bajeti ingepaswa kuuliza ni yatulie wapi kidogo kabla ya kuendelea. Badala yake inauliza yapitie wapi, na inaulizia kila wadi peke yake.

Hapa ndipo pesa zinapoachana na maji. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti maji ya mvua ya mijini. Serikali kuu imebaki na ulinzi wa vyanzo vya maji, uhandisi wake na usalama wa mabwawa. Ukitaka kugusa mto wenyewe, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Basi pale mtaro unapoingia mtoni, ambapo ndipo hasa panapofurika, mfuko unabadilika. Ndani ya kaunti ya Nairobi nako kuna wadi 85, na mwakilishi wadi hachaguliwi na watu wa ng'ambo. Atajenga kitu kinachoonekana ndani ya mpaka wake, chenye bango. Simlaumu sana, mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Chukua Mto Ngong. Unaanzia upande wa Dagoretti ukiitwa Motoine, unapita kando ya Kibera, unaingia Bwawa la Nairobi kule Lang'ata, lililojengwa 1953, kisha unashuka hadi Mukuru. Bwawa hilo limejaa tope, takataka na magugu maji, kiasi kwamba mvua kubwa ikija halina tena nafasi ya kuikalisha. Mto ukijaa, mitaro ya Mukuru haimwagi kitu: inarudisha maji nyumbani, na uwe umeisakafia kwa dhahabu. Kwa hiyo shilingi ambayo ingemkausha yule mama huenda ni ile ya kuzoa tope Lang'ata. Lakini yeye hana kura Lang'ata, wala mwakilishi wake hawezi kuandika mradi wa huko.

Mpango wa kuhuisha Mto Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 angalau unautazama mto kama mto, na hilo nalipongeza. Vijito vidogo vinavyoulisha ndivyo vinavyonitia wasiwasi.

Kuna na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukija kumaliza tenda, kungoja Hazina na kumtafuta mkandarasi ambaye hajachoka kudai bili za zamani, ni Machi, na masika yameshapiga hodi. Nimewahi kusimama ukingoni nikitazama tingatinga likichimba katikati ya mvua, udongo ukirundikwa juu ya ukingo na mvua ya usiku ikiurudisha mtoni. Kwenye makaratasi kazi ile ilikamilika.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Mathare, kila mtu aliuliza habari za fungu la dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalifunga la kaunti lisizidi asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia, tena ni kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Sasa mafuriko ya Aprili Nairobi yana nini kisichotarajiwa?

Nilimweleza yule mama kwamba kikao tulichotoka hakikuwa cha kubadilisha mambo. Kufikia Aprili 30, makadirio yanapotakiwa kuwa mezani kwa bunge la kaunti, karibu kila kitu kimeshapangwa. Pa kusemea ni mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotakiwa kuwasilishwa kufikia Septemba 1. Nikamwambia aandike barua fupi: asiombe mtaro mwingine, aombe kijito kizima kipimwe tangu juu, na sehemu ya kutuliza maji itengewe fedha kabla ya zege lolote kuongezwa.

Aliandika. Alipoipeleka, karani aliisoma hadi mwisho, akamrudishia kwa upole. "Mama, hii si ya wadi yetu. Ipeleke kule juu."

Akapanda matatu akaipeleka kule juu. Huko akaambiwa wao hawana shida ya mafuriko.