Miotoksini: sumu ya nyoka inavyokula misuli

Tukisikia sumu ya nyoka, wengi tunawaza mtu aliyelegea, kope zinaanguka, pumzi inakatika. Hiyo ni kazi ya koboko, ambaye sumu yake hulenga mishipa ya fahamu. Kifutu, yule mnene anayelala njiani mpaka akanyagwe, huua kwa namna nyingine: sumu yake inakula nyama.

Sumu zinazoua misuli huitwa miotoksini. Nyingi ni za jamii ya kimeng'enya fosfolipasi A2, ambacho humega utando wa mafuta unaoizunguka seli. Kalsiamu iliyo nje ya seli ni nyingi mara maelfu kuliko iliyo ndani, basi utando ukitoboka, inafurika. Na kalsiamu ndiyo inayouamuru msuli ujikunje. Unajikunja kupita kiasi hadi nyuzi zake zinachanika.

Kifutu ana silaha kubwa zaidi ya hiyo: metaloproteinasi, sumu zinazokata protini za mwili. Hizi hukata kolajeni, protini inayoshikilia kuta za vishipa vidogo vya damu. Damu inavuja, mguu unavimba, malengelenge yanatokea, na msuli unakosa hewa na chakula. Hapa ndipo penye ubaya wenyewe. Kwa kawaida msuli una seli za akiba za kujijenga upya, lakini bila vishipa vya damu seli hizo hazifanyi kazi, na pengo linazibwa na kovu. Ndiyo sababu mtu anapona na mguu haurudi ulivyokuwa.

Misuli mingi ikifa kwa pamoja, vilivyokuwa ndani yake vinaingia kwenye damu. Mioglobini, protini nyekundu ya misuli, huumiza figo, na mkojo hugeuka rangi ya kahawa. Nyoka wa baharini wanajulikana sana kwa hili. Potasiamu nayo ikizidi husimamisha moyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka, na takriban mara tatu ya hao hukatwa viungo au hubaki na ulemavu wa kudumu.

Dawa ya kuzuia sumu huinasa sumu ambayo bado inazunguka. Seli iliyokwisha kufa haifufuki. Kwa hiyo saa zinazopotea kwa kuchanja chale au kungoja jiwe la nyoka linyonye ni nyama inayopotea. Na kamba inayokazwa juu ya jeraha la kifutu huizuia sumu palepale inapotafuna, tena ikikata damu ambayo mguu unaihitaji.