Je, wajua kwa nini lori lililokwama likikanyagiwa mafuta huzidi kuzama?

Mwezi wa Machi, kwenye barabara ya udongo huko Usukumani, nilisimama kutazama semi lililobeba saruji likikwama. Dereva alikanyaga mafuta, tairi za nyuma zikazunguka kwa kasi, tope likaruka hadi juu ya trela, na kichwa, ile sehemu ya mbele yenye injini inayovuta trela, kikashuka taratibu kama ng'ombe anayelala. Alipozima injini, utingo alipitisha kiganja kwenye tairi. Kashata zote, yale mabonge na mifereji ya tairi inayoshika ardhi, zilikuwa zimezibwa kwa tope. Tairi lilikuwa laini kama chungu kabla hakijachomwa.

Watu husema injini imeshindwa. Sivyo. Nguvu ipo tele, ila tairi halina pa kushika.

Ule ni udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika. Chembe zake ni vibapa vidogo mno, na maji yakiingia katikati yake vinateleza kimoja juu ya kingine. Sasa weka mzigo juu yake. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye tairi nne inaruhusiwa kubeba tani 10, yaani kila tairi tani mbili na nusu, na tairi lenyewe linagusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana karatasi ya A4. Lami inastahimili, udongo ule ukilowa haustahimili. Tairi likizunguka bila kusogea linageuka kuwa jembe: linachimba, linatupa udongo nyuma, linashuka. Likishuka vya kutosha, difu (bonge la gia lililo katikati ya ekseli) na chesisi vinalala juu ya tope, na hapo uzito hauko tena kwenye tairi, hivyo hata ule mshiko mdogo uliobaki unapotea.

Trela nalo linaongeza balaa. Tairi zake hazisukumwi na injini, zinaburutwa tu, na kila moja inasukuma kilima cha tope mbele yake. Ndiyo maana kuchimba kwenye kichwa peke yake na kusahau trela ni kazi bure.

Kisha kuna difu. Kazi yake ni kuruhusu tairi la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona. Kwenye utelezi msaada huo unageuka: tairi lililokosa mshiko linachukua mzunguko wote, mwenzake wa upande wa pili, pengine aliye pakavu, ametulia tuli. Malori mengi yana swichi ya kufunga difu, lakini ifungwe kabla ya kuingia kwenye tope. Ukiifunga tairi likiwa linazunguka, unaweza kuvunja meno ya difu.

Kwa hiyo tairi likianza tu kuzunguka bure, acha mafuta. Nyoosha usukani, chimba mbele ya kila tairi mpaka difu iwe huru, jaza mawe au matawi, kisha ondoka na gia ya pili kwa mguu mwepesi. Kupunguza upepo kidogo kunasaidia sana, kwa sababu tairi linatanuka na kugusa eneo kubwa zaidi. Ukifika pagumu, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Jambo moja linanitia hofu kila nionapo lori likivutwa: watoto wanaokusanyika kushangilia. Waya wa chuma ukikatika unarudi kama kiboko na unaweza kuua. Ufungwe kwenye ndoano ya chesisi, na kila mtu akae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe, wala asisimame kwenye mstari wake.

Lile semi lilitoka jioni. Vijana wa kijijini walishusha mifuko ya saruji mmoja mmoja, kilo 50 begani, wakaipanga juu ya turubai pakavu. Kichwa kilipotoka, tope liliachia tairi kwa mlio mrefu wa kufyonza, na shimo lililobaki likaanza kujaa maji.