Si Baridi Iliyoleta Ngozi Nyeupe Ulaya

Wengi huamini kwamba binadamu waliotoka Afrika walibadilika rangi mara tu walipofika Ulaya, tena kwa sababu ya baridi. Sivyo. Binadamu wa aina yetu walifika huko yapata miaka 45,000 iliyopita, ilhali mtu wa pango la Cheddar, Uingereza, aliyeishi miaka 10,000 hivi iliyopita, yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu, kama uchunguzi wa vinasaba vyake uliotangazwa mwaka 2018 ulivyoonyesha. Weupe ulienea baadaye sana, na wataalamu wengi wanauhusisha na uhaba wa mwanga wa jua unaouwezesha mwili kutengeneza vitamini D.

Baridi yenyewe waliikabili kwa mikono yao. Huko Yana, kaskazini kabisa mwa Siberia, watu walioishi miaka zaidi ya 30,000 iliyopita waliacha sindano za mfupa zenye tundu la kupitishia uzi. Kwa kitundu hicho chembamba ngozi za wanyama ziliweza kushonwa zikabana, upepo usipate pa kupenya. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba si baridi iliyobadili rangi, kwani ushonaji mzazi aliweza kumfundisha mwanawe kabla theluji ya mwaka uleule haijaanguka, bila kungoja ngozi ibadilike kwa vizazi vingi.